Longman ya mtandaoni: kamusi ya kutenganisha maneno ya Kiingereza yanayokaribiana

Pale Kiswahili na Kiingereza vinapogawa mambo sawasawa, kamusi yoyote ya lugha mbili inatosha: "fare" ni nauli, "fee" ni ada, "price" ni bei. Kazi ipo pale sisi tunapokuwa na neno moja na Waingereza wana mawili au manne. Kuazima ni "borrow", na papo hapo ni "lend". Mgeni ni "guest", "visitor", "stranger" au "foreigner", na ukimwita mwalikwa wako "stranger" ni kama umemfungia mlango. Kwa maneno ya namna hii, fungua kwanza Longman Dictionary of Contemporary English, ambayo tovuti yake ni ya bure.

Fasili zake huandikwa kwa msamiati wa maneno 2,000 hivi tangu toleo la 1978, kwa hiyo hufafanuliwi neno gumu kwa neno gumu zaidi. Lakini uzuri wake hasa uko kwenye miundo ya herufi nzito iliyo chini ya fasili. "Borrow" ina "borrow something from somebody"; "lend" ina "lend somebody something". Ukiitazama hiyo miwili, "borrow me your pen" inaanguka yenyewe, maana baada ya "borrow" hufuata kitu chenyewe, na mwenye kitu hutajwa baada ya "from". Alama za countable na uncountable nazo wengi huziruka, na ndizo zinazotenganisha "job" na "work": ya kwanza huhesabika, ya pili, kwa maana ya ajira, haihesabiki. Ndiyo maana "I have two works" ni kosa, ingawa "works" ipo kwa maana ya kazi za msanii.

Namna ya kuitumia: fungua maneno yote mawili katika vichupo viwili, linganisha miundo, kisha shuka hadi kisanduku cha Thesaurus, kinachoorodhesha maneno ya maana zinazokaribiana. Alama ya S1 huonyesha kuwa neno ni kati ya 1,000 yanayotumika zaidi katika mazungumzo; W1, katika maandishi. Neno lenye S1 pekee lifikirie mara mbili kabla ya kulitia kwenye barua ya kikazi.

Kasoro zipo. Si kila neno lina kisanduku cha Thesaurus. Mifano ya Corpus ni vipande vilivyokatwa kutoka matini halisi, na bila muktadha huchanganya, usianzie hapo. Matangazo yanakula bando. Mwanafunzi ambaye hajafikia hayo maneno 2,000 atakwama kwenye fasili zenyewe, huyo bado ni wa kamusi ya lugha mbili. Tena tovuti haijui Kiswahili: ukiandika "mgeni" hupati kitu. Maneno ya kulinganisha yatoe kwanza kwenye kamusi ya Kiswahili–Kiingereza, ndipo uyapeleke Longman moja moja.