Jedwali la Excel au programu maalumu ya shule ya lugha?

Kwa shule ya lugha yenye madarasa machache, Excel inatosha. Karibu kila mtu ofisini anaijua, na safu mpya unaiongeza papo hapo.

Ugumu huanza wanafunzi wanapohama. Katika shule ya lugha mtu huingia katikati ya muhula, hufanya jaribio la kupima kiwango, huwekwa A2 (kiwango cha pili kutoka chini), kisha baada ya wiki chache mwalimu anaona anastahili B1, kiwango kinachofuata. Kwenye Excel, uhamisho huo mmoja unagusa orodha ya darasa, mahudhurio, ankara na saa za mwalimu, mara nyingi kila kimoja katika faili lake. Ukisahau kimoja, mwanafunzi anadaiwa ada isiyo yake. Programu maalumu iliyo nzuri huandikiwa badiliko hilo mara moja tu, na kwingine kote hujirekebisha yenyewe. Pia hukuonya ukimpangia mwalimu madarasa mawili saa ileile. Kwangu mimi, onyo hilo peke yake linatosha kuilipia.

Ila kabla ya kulipa, hakikisha unaweza kutoa data zako zote kwa faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu ambalo Excel na programu nyingine nyingi huweza kulifungua. Programu isiyoruhusu hivyo, achana nayo.