Doksi ya miligramu 100: nyota nne kwa mtu, nne kwa mbwa, moja kwa paka

Nimeimeza mwenyewe na nimemlisha mbwa wangu, kwa hiyo naijua pande zote mbili. Jina lake kamili ni doksisaiklini, antibiotiki, yaani dawa ya kupambana na bakteria. Ipo duniani tangu 1967, kampuni zinazoitengeneza ni nyingi, na bei yake haijamkimbia mtu wa kipato cha kawaida.

Mimi ni fundi wa kupaua, kutwa niko juu ya bati. Niliandikiwa doksi zahanati baada ya kifua kubana na homa kugoma kushuka. Nilichokipenda kwanza ni ratiba yake: asubuhi na jioni, basi. Amoksilini mara nyingi inataka dozi ya mchana pia, na mtu wa saiti hiyo ya mchana ataisahau tu. Kifua kilifunguka, nikamaliza dozi yote.

Tatizo ni namna inavyouzwa. Muuzaji anachukua mkasi, anakata vidonge, anavitia kwenye bahasha, anaandika 1x2, haya kaka, kwaheri. Karatasi ya maelezo, kama ilikuwepo, inabaki kwenye boksi. Na dawa hii ina masharti kuliko ya mganga! Imeze kwa glasi nzima ya maji ukiwa umekaa wima au umesimama, kisha usijilaze kwa nusu saa au zaidi. Ikinasa kooni inachoma, na kidonda chake kitakufanya uogope kumeza hata mate. Ya jioni mimi nilikuwa naimeza na chakula cha usiku, kitandani mapema mno sendi. Halafu jua: doksi inaifanya ngozi iungue haraka, na weusi wetu hautuokoi. Nilipanda paa na shati la mikono mirefu na kofia pana, mafundi wenzangu wakanicheka.

Vidonge vya kuongeza damu na vile vya kiungulia vinaifunga dawa tumboni isifike kwenye damu, kwa hiyo usivimeze pamoja nayo. Achanisha kwa saa kadhaa. Maziwa nayo yanaipunguza nguvu kiasi. Mjamzito na mtoto chini ya miaka minane wasipewe bila daktari kuamua, maana inaweza kuyabadilisha rangi meno ya mtoto, na rangi hiyo haitoki. Mafua ya kawaida haiyagusi kabisa, na bado nasikia watu wakiiomba dukani kwa ajili ya mafua.

Sasa Tomi, mbwa wangu. Aliacha kula, fizi zikapauka, damu ikamtoka puani. Daktari wa mifugo alimpima damu akasema ni ugonjwa wa kupe, akamwandikia doksi hii hii ya watu. Jirani yangu alishauri nimpe robo ya kidonge, "mbwa si mtu mzima." Kumbe hesabu haiko hivyo. Daktari alinipandisha kwenye mizani nikiwa nimembeba, kisha peke yangu, akatoa: kilo 20. Kwa ugonjwa ule alimpigia miligramu 10 kwa kila kilo, yaani 200 kwa siku, sawasawa na nilizokuwa nameza mimi niliyemzidi uzito zaidi ya mara tatu! Robo ya jirani ingewachokoza wadudu tu. Na tiba yake ni siku 28. Tomi alirudia kula na kubweka mapema, lakini vidonge viliendelea mpaka mwisho. Akimeza tumbo likiwa tupu anatapika, hivyo nilivificha kwenye ugali wa dagaa.

Paka ni kesi nyingine. Kidonge kikavu hukwama kwenye koo lake, kikaunguza, na njia ya chakula ikaweza kuziba kwa kovu. Tena paka wa kilo nne hahitaji miligramu 100, na kidonge huwezi kukigawa kwa macho. Mwombe daktari dawa ya maji, au akuonyeshe kumnywesha maji kwa bomba la sindano baada ya kidonge. (Panadol usimpe kabisa, ni sumu kwake.)

Nyota ya tano nimeibania kwa sababu ya ule mkasi. Tarehe ya mwisho wa matumizi huwa imechapwa upande mmoja wa pakiti, na ukikatiwa upande wa pili huijui, wakati dawa za ukoo huu zilizopitwa na muda zimewahi kuumiza figo za watu. Siku hizi naomba nionyeshwe tarehe kabla ya kulipa. Muuzaji akinuna, Tabata maduka ya dawa hayajaisha.