Dira ya droni: kuisawazisha kila ukiruka, au programu inapodai tu?

Wapo marubani wasioinua droni kabla ya kusawazisha dira: wanaizungusha duara zima ikiwa mlalo, kisha tena pua ikiangalia chini. Wengine husubiri programu iwaambie. Mimi nasimama na hawa wa pili.

Dira hupima usumaku wa dunia, ambao ni dhaifu sana. Kuisawazisha ni kuifundisha kutofautisha usumaku huo na ule wa vyuma na nyaya za droni yenyewe. Vyuma hivyo havibadiliki kila asubuhi, kwa hiyo kipimo kizuri hudumu. Ukirudia kazi hiyo juu ya zege lenye nondo, kando ya gari, au simu ikiwa mkononi, unafuta kipimo sahihi na kuhifadhi kibovu. Hapo ndipo droni huanza kuzunguka duara linalopanuka badala ya kutulia hewani, na rubani akalaumu GPS bure!

Kusawazisha kila mara kuna faida moja, utulivu wa moyo, nami sioni kama inatosha. Mwongozo wa droni ya DJI Mini 2 unashauri usawazishe ukiwa zaidi ya kilomita 50 kutoka uliporuka mwisho, droni ikikaa zaidi ya siku 30, au onyo la dira likitokea.

Onyo likija, kwanza sogea mbali na chuma. Likitoweka, ruka. Likibaki hata penye udongo mtupu, sasa sawazisha.