TAHADHARI: Huyu anayeuza skopu (darubini za kulengea za bunduki) za Leupold hapa Nakuru ni tapeli

Wenzangu wa kulenga shabaha kila Jumamosi, na yeyote mwenye leseni ya bunduki kutoka hapa hadi Kisumu, someni hii kabla ya kutoa hata shilingi. Nimeibiwa 118,000. Nina hasira, na nina aibu kubwa zaidi, maana ni mimi niliyekuwa nikiwahubiria kila wiki kwamba mtu asijikamue kununua bunduki ghali, pesa aiweke kwenye kioo, yaani skopu.

Hilo bado nalisimamia. Bunduki yangu ya Brno ya .22 mnaijua. Hata bunduki za bei nafuu za siku hizi zina mitutu mizuri. Ukilipa mara tatu zaidi unapata kifyatulio laini, kitako cha mti mzuri na kazi ya fundi asiye na haraka, lakini matundu kwenye karatasi hayapishani kiasi hicho. Kioo ndicho kilichokuwa kikinitesa. Kile changu cha elfu saba, asubuhi za baridi upande wa Molo, kilikuwa kinashika ukungu ndani kwa ndani, kwa sababu vioo rahisi mara nyingi havijafungwa vizuri na kujazwa naitrojeni ya kuzuia unyevu. Na sisi hatuwindi, uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977. Sisi ni karatasi tu, na kwenye karatasi kliki, ile hatua ndogo ya kuzungusha skopu kurekebisha shabaha, ikikudanganya huna lako.

Jamaa alijua hayo yote. Alitusikia tukiyasema. Jumamosi tatu mfululizo alikuja, akanywa chai yetu, akaokota maganda ya risasi pamoja nasi. Alikuwa na skopu yake mwenyewe na akaniachia niizungushe nitakavyo. Kliki zake zilikuwa zinaingia moja moja, unazisikia kidoleni kabla ya sikioni. Nilipiga risasi kumi nayo na zote zikakaa ndani ya sarafu ya shilingi ishirini. Niambieni, nani asingeamini? Akaniambia, "Mzee, bunduki yako haina neno, ni macho tu inakosa." Maneno yangu mwenyewe, amenirudishia!

Tulikutana Jumanne saa kumi jioni, ndani ya gari lake, karibu na stesheni ya reli. Sanduku lilikuwa jeusi na dhahabu, limezungushiwa nailoni. Nilitaka kulifungua. Akaniwekea mkono juu ya mkono wangu, polepole, kama mtu anayemhurumia mwenzake, akasema nikipasua nailoni garantii imekwisha, nifungue nyumbani siku ya kuifunga kwenye bunduki. Nikauondoa mkono wangu. Huo ndio wakati ninaoukumbuka kila nikilala. Nikatuma pesa kwa M-Pesa. Jina lililotokea lilikuwa la mwanamke. Nikauliza, akasema ni mke wake, ndiye anayeshika hesabu. Nikabonyeza.

Jumamosi nikaifunga. Mita 50, hakuna upepo. Risasi tano za kwanza, sawa. Nikafanya jaribio la mraba, lile tunalowafundisha wageni: kliki 20 juu, piga; 20 kulia, piga; 20 chini, piga; 20 kushoto, urudi kwenye tundu la kwanza. Kliki ya robo dakika (dakika ya pembe, si ya saa) kwa mita 50 ni kama milimita tatu na nusu, kwa hiyo kila upande wa mraba uwe sentimita saba na kidogo. Upande wangu wa juu ulikuwa sentimita nne. Wa kulia ulikuwa tisa. Risasi ya mwisho haikurudi kabisa, ilitua mbali na tundu la kwanza kwa upana wa vidole viwili. Nikarudia. Ikatua mahali pengine. Nilikaa pale kwenye mkeka na kijana wangu amesimama nyuma yangu, hasemi kitu.

Jioni ile ile mzee wa Eldoret, mnamjua, akanitumia picha ya aliyouziwa yeye mwezi uliopita. Nambari ya kiwandani, ambayo kila skopu inapaswa kuwa na yake, kwenye yake na yangu ni moja. Tarakimu zote! Leupold wenyewe, wale wa Beaverton kule Oregon, Marekani, wameonya kwa miaka kuhusu hizi ghushi. Kampuni haina kosa hapa. Mwizi ni huyu.

Nimepiga ripoti kituoni na nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, ninayo. Wiki hii napeleka sanduku kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi. Sheria ya 2008 inasema kosa la kwanza ni kifungo hadi miaka mitano, au faini isiyopungua mara tatu ya bei ya kila kitu alichouza. Mimi sitaki faini, faini atailipa kwa pesa zetu. Afungwe. Amekula chai yetu, amekaa na watoto wetu, akatupima mmoja mmoja kama mbuzi wa mnada. Afungwe, na yule mwenye laini ya simu aitwe aeleze.

Mnaouliza ningejuaje: nambari ilikuwa stika, nimeibandua kwa ukucha, wakati ya kweli imechorwa kwenye mwili wa skopu wenyewe. Kliki zilikuwa laini kama ugali. Msalaba wa ndani umelala kidogo kushoto. Na bei: dukani ya aina ile inapita 200,000, yeye aliniambia amepunguza kwa urafiki. Usilipe kabla ya kuipiga mraba kwenye bunduki yako, ile ile utakayobeba, si ile aliyokuonyesha.

Jana usiku kijana mmoja wa Kisumu amenipigia. Ametumiwa picha ya sanduku jeusi na dhahabu, wamepanga kukutana Ijumaa. Hajalipa. Nimemwambia aitikie, na asiende peke yake.