Chombo cha kumlishia ndege mvumaji: nunua kinachooshika

Kwa sisi tunaoishi Ohio, Marekani, ndege mvumaji wa koo jekundu huanza kuonekana mwishoni mwa Aprili, madume wakitangulia. Hutoka Meksiko na Amerika ya Kati, na wengi huvuka Ghuba ya Meksiko bila kutua. Kiumbe wa gramu 3 hivi! Aliyekulia pwani atamfananisha na ndege aitwaye chozi, ingawa si ndugu: chozi kwa kawaida hushika tawi ndipo anyonye ua, huyu hunyonya akiwa ameelea hewani. Chombo chake cha maji ya sukari kiwe kimetundikwa kufikia katikati ya Aprili.

Kabla hujatoa pesa, tazama kama brashi itafika kila kona. Maji ya sukari huchacha, na ukungu humdhuru ndege. Siku za joto utakiosha kila baada ya siku 2 au 3.

1. Cha bakuli, chenye kifuniko cha matundu. Hiki ndicho ningemnunulia mama yangu. Maji hukaa chini ya matundu, kwa hiyo hayavuji. Ulimi wa mvumaji huyafikia, nyigu hapati kitu. Kifuniko chote hufunguka, unasugua, umemaliza. Chagua chenye kikombe cha maji katikati, sisimizi wasipite.

2. Chupa ya kupindua, yenye mdomo mpana. Hubeba maji mengi, yafaa ndege wakiwa wengi. Lakini jua likiipiga, hewa iliyo ndani hutanuka na kuyasukuma maji nje, yakadondoka. Itundike kivulini.

3. Cha kubandika kwenye kioo cha dirisha. Watoto watamwona ndege kwa karibu kabisa, ila hubeba kidogo na huweza kubanduka.

Chupa za urembo zenye shingo nyembamba sinunui tena. Yangu ilishika ukungu mweusi ndani nisiweze kuufikia, nikaitupa.

Maji mekundu ya dukani yaache pia. Sukari nyeupe kikombe 1, maji vikombe 4, koroga mpaka iyeyuke. Usitie rangi wala asali; wekundu wa chombo unatosha kumwita.

Pesa ikibaki, nunua mche wa Aquilegia canadensis, ua la asili ya huku linalochanua majira hayohayo ya kuwasili kwake. Dawa ya kupulizia wadudu irudishe rafuni: mvumaji hula wadudu wadogo, na ndio anaowalishia makinda yake.