Kompyuta tegemezi: uliza masasisho kabla ya bei

Malalamiko yanayonifikia kuhusu kompyuta tegemezi, vile visanduku visivyofua dafu bila seva, hayahusu kasi. Ni Jumatatu asubuhi, kila skrini imeandika "inasasisha, usizime", na intaneti ya ofisi nzima iko hoi. Muuzaji aliahidi masasisho ya moduli, yaani kipande kwa kipande badala ya mfumo mzima, na kweli ni ya moduli. Alichonyamazia ni kwamba kila kisanduku kinajichotea moduli ile ile kutoka nje.

Prosesa na matundu ya USB siyagusi, hayo utaimbiwa dukani. Swali langu ni moja: faili linaingia kwenye mtandao wako mara moja, au mara mia?

Namba moja ni IGEL OS 12, mfumo endeshi wa visanduku hivi, na sifichi kwamba naipendelea. Mfumo wa msingi uko peke yake; Citrix na Horizon (za kuunganisha kisanduku na seva) na kivinjari, kila kimoja ni programu yake. Ikitoka Citrix mpya, unasukuma hiyo tu. Seva yake ya usimamizi, UMS, inaweza kupakua mara moja kisha ikagawa humo humo ndani. Toleo jipya likigombana na printa za uhasibu, uhasibu unawarudishia la zamani, wengine wanaendelea. Leseni yake ni ya kulipia kila kipindi, na hiyo inauma.

Dell ThinOS 9 inafuata. Nayo imetenga vifurushi na mfumo, ila chukua Wyse Management Suite, programu yake ya usimamizi, ile ya kufunga kwenye seva yako. Ukichukua ya wingu unaweza kurudi kule kule, kila kisanduku kujichotea kutoka nje. Tena umefungwa kwa mashine za Dell.

Windows 10 IoT Enterprise LTSC 2021 inavutia kwa kuwa ina masasisho ya usalama hadi Januari 2032. Lakini kichujio chake cha uandishi, UWF, kinachozuia mabadiliko yasibaki kwenye diski, kikiwa kimewashwa, ulichosakinisha kinafutika mashine ikiwashwa upya. Fundi asahau kukizima kwanza, kazi ya usiku kucha imepotea.

Pesa hakuna? Kompyuta kuukuu na LTSP, programu ya bure ya Linux inayoziwasha kutoka kwenye seva, kama una mtu wa Linux.

Kinachonikera ni ankara kifani zenye bei ya kisanduku tu. Leseni unaikuta baadaye, mashine zimeshafungwa mezani. Dai iandikwe kwenye karatasi ile ile, kwa miaka yote utakayozitumia, pamoja na seva ya kugawa masasisho. Asiyetaka kuandika, mwache aende.