Kadi ya Grafiki kwa Kompyuta Yenye Pawa Saplai ya Wati 290

Kompyuta ninayofanyia kazi ni Dell OptiPlex 9020 ya umbo la mnara, iliyotumika ofisini ng'ambo kabla ya kuuzwa Kariakoo kama mtumba, yenye prosesa ya Core i5-4590, kumbukumbu ya GB 16 na pawa saplai ya wati 290. Ni mashine imara sana, ila haikuundwa kubeba kadi kubwa ya grafiki, yaani kifaa kinachochora picha zinazoonekana kwenye kioo. Pawa saplai yake haina hata waya mmoja wa pini 6 wa kulishia kadi, na plagi inayoingia kwenye ubao mama ina pini 8 badala ya zile 24 zilizozoeleka, kwa hiyo anayetaka kuing'oa na kuweka pawa saplai ya kawaida lazima kwanza atafute waya wa kubadilishia plagi hiyo. Mimi huhariri video za harusi na mahafali, na jioni wanangu huitumia mashine hiyohiyo kuchezea michezo ya mpira. Kwa miaka miwili nimepitisha kadi nne ndani yake, na hapa naeleza nilichokiona kwa kila moja.

Kwanza ni hesabu ya umeme. Sloti ndefu ya PCI Express, yaani tundu la ubao mama linaloshika kadi ya grafiki, inaruhusiwa kutoa hadi wati 75, na sehemu kubwa ya hizo, takribani wati 66, hupitia volti 12. Prosesa yangu imekadiriwa wati 84. Jumla ya viwili hivyo ni wati 159, na hata ukiongeza diski, feni na ubao mama, bado unabaki mbali na 290. Kadi inayokula kutoka kwenye sloti peke yake, bila waya wa ziada, inatosha vizuri, ingawa Nvidia, kampuni inayounda chipu za kadi nyingi, kwa kadi za daraja hilo hupendekeza pawa saplai ya wati 300. Pendekezo hilo limeachiwa nafasi kubwa kwa sababu kampuni haijui mnunuzi ana pawa saplai ya ubora gani. Mwenye 9020 ndogo, ile ya wati 255, ajue kwamba kesi yake hupokea kadi zenye kimo kifupi tu, na kabla ya kulipa asome mwongozo wa mashine aone sloti yake imeruhusiwa wati ngapi, kwa maana si kila kompyuta ndogo ya ofisi hutoa 75 kamili.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua kwa kufuata jina. Nilikuwa nimesoma kwamba GTX 1650, kadi ya Nvidia iliyotoka Aprili 2019, hutumia wati 75, nikaenda dukani nikaomba GTX 1650, nikapewa. Nilipofika nyumbani nikakuta tundu la pini 6 pembeni mwa kadi. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba watengenezaji wengi huiongezea kadi hii kasi kiwandani, na ili iipate kasi hiyo huiwekea tundu la umeme wa ziada. Muuzaji, nilipomrudia, aliniambia, "Usijali kaka, kuna waya wa kubadilishia," akanipa kipande cha waya kinachochukua umeme wa diski, yaani plagi ya SATA, na kuugeuza kuwa pini 6. Sikupaswa kuupokea. Plagi ya SATA ina pini 3 za volti 12, kila moja imekadiriwa kubeba ampea 1.5, na jumla yake ni wati 54, ilhali tundu la pini 6 limeruhusiwa kuvuta hadi 75. Wiki ya tatu, nikiwa natoa video ya harusi ya saa mbili, kioo kilizima ghafla na chumba kikajaa harufu ya plastiki iliyoungua. Nilipofungua kesi nilikuta plagi nyeupe imegeuka rangi ya kahawia, na pini moja imezama ndani ya plastiki iliyolainika. Diski ilipona, nami nashukuru, kwa sababu ndani yake mlikuwa na kumbukumbu za familia ya watu. Namwomba yeyote anayesoma hapa asikubali waya wa namna hiyo hata akipewa bure.

Baadaye nilipata GTX 1650 nyingine, iliyotumika, isiyo na tundu lolote la umeme. Hiyo ndiyo ya kutafuta. Ina viini 896, yaani sehemu ndogo za kukokotoa picha, na kumbukumbu ya GB 4, na kwa zaidi ya mwaka ilinifanyia kazi yote ya video za HD bila kusita, tena kwa feni moja yenye sauti ya chini. Ilianza kunishinda wateja walipoanza kuleta picha za 4K kutoka kwenye kamera mpya: nikiweka tabaka mbili za video na kurekebisha rangi, GB 4 zilijaa, na programu ya kuhariri ikawa inagoma katikati ya kazi.

Rafiki aliniazima Radeon RX 6400, kadi ya kampuni ya AMD, niijaribu kabla sijaamua. Kwenye karatasi inavutia mno, kwani imekadiriwa wati 53 tu na hupatikana kwa kimo kifupi. Lakini AMD iliijenga iwasiliane na ubao mama kwa njia 4 tu za PCI Express 4.0. Kwenye kompyuta mpya hilo si tatizo kubwa, bali mashine yangu ni ya toleo la zamani, PCI Express 3.0, na hapo upana wa mawasiliano hupungua kwa nusu. Pindi kumbukumbu ya GB 4 inapojaa, mchezo huanza kukwamakwama. Kwa kazi yangu kuna kasoro nzito zaidi: haina sakiti maalumu ya kukandamiza video wakati wa kuitoa, hivyo mzigo wote unaangukia prosesa. Nilimrudishia baada ya siku nne. Si kadi mbaya, na mwenye mashine ya miaka ya karibuni anaweza kuifurahia, ila kwa OptiPlex ya umri huu siipendekezi.

Ninayoitumia sasa ni GeForce RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka Februari 2024. Imekadiriwa wati 70, haihitaji waya wa ziada, ina viini 2304, na MSI na Gigabyte wanaitengeneza pia kwa kimo kifupi. Hapa mnunuzi awe macho: kuna RTX 3050 nyingine ya GB 8, ya mwaka 2022, yenye jina hilohilo lakini inayokula wati 130 na kuhitaji waya. Tangazo lililoandikwa "RTX 3050" bila kutaja kumbukumbu halitoshi. Nimeipima mashine nzima kwa mita ya kuchomeka kwenye soketi, na hata wanangu wakiwa katikati ya mechi haijavuka wati 160 kutoka ukutani. Video za 4K zilizokuwa zikigoma sasa zinapita, na feni siisikii nikiwa nimevaa vipokea sauti. Gharama ndiyo inayouma: nililipa karibu mara mbili ya bei ya ile 1650 iliyotumika, na katika michezo mizito prosesa ya kizazi cha nne huichelewesha, kwa hiyo mwenye kazi nyepesi hana haja ya kufika huku.

GTX 1050 Ti ya 2016 bado ipo tele sokoni kwa bei nafuu, nayo pia ni ya wati 75. Mimi nisingeinunua leo, kwani Nvidia imeacha kuitolea draiva za michezo, yaani programu za kuiendesha kadi kwenye michezo mipya, tangu Oktoba 2025 na imebakiza masasisho ya usalama tu. Tena ndiyo kadi ambayo hughushiwa sana: chipu ya zamani hubandikwa jina jipya. Chipu halisi ya 1050 Ti haitoi VGA, ile njia ya zamani ya kuunganisha monita, hivyo ukiona tundu la VGA mgongoni mwa kadi hiyo, tilia shaka. Programu ya bure ya GPU-Z huweza kuitambua kadi ya Nvidia iliyoghushiwa na kuandika neno FAKE mbele ya jina lake, basi omba iwashwe mbele yako kabla ya kutoa pesa. Na GT 1030 yenye kumbukumbu ya DDR4 iacheni kabisa. Ni dhaifu mno kuliko ile ya GDDR5 yenye jina hilohilo.

Ile GTX 1650 nimempa mdogo wangu, ambaye ana OptiPlex 7010 ya mnara yenye pawa saplai ya wati 275, na mpaka sasa inaendesha monita zake mbili bila waya wowote wa ziada.